Mazoezi baada ya mshtuko wa moyo: barua kwa rafiki

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa yote yaliyokupata. Umeniandikia kwamba kifua kimetulia, kwamba unameza dawa kwa wakati, na kwamba huoni tena haja ya mazoezi uliyopangiwa hospitalini kwa kuwa unajisikia umepona. Hilo la mwisho limenitia wasiwasi.

Ule mshipa uliozibuliwa na kuwekewa stenti, kijibomba cha kuushikilia wazi, ni sehemu ndogo tu ya mishipa yako. Kila mshipa wa damu umetandazwa kwa ndani utando mwembamba, wenye unene wa seli moja, na utando huo ndio unaotoa gesi ya oksidi ya nitriki, ambayo huulegeza msuli wa ukuta wa mshipa ili upanuke, tena huzizuia chembe sahani za damu zisishikamane na kuganda. Furchgott, Ignarro na Murad, wanasayansi wa Marekani, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya gesi hiyo mwilini. Sigara, kisukari, shinikizo la damu na kolesteroli nyingi huudhoofisha utando huo, na kwa wengi waliopatwa na mshtuko wa moyo udhaifu huonekana hata katika ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) ya mkono.

Unapotembea kwa haraka, damu hupita kwa kasi na kuusugua utando, na msuguo huo huziamsha seli zitoe oksidi ya nitriki kwa wingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa waliokuwa wametoka kupata mshtuko wa moyo walifanya mazoezi kwa wiki 4, wengine ya kuongeza pumzi, wengine ya kuimarisha misuli, wengine yote mawili, na ateri za makundi yote zikapanuka vizuri zaidi. Lakini baada ya mwezi mmoja wa kukaa bila mazoezi, faida hiyo ilitoweka. Kwangu mimi, hili lina uzito kuliko yote niliyokwisha kukuandikia, kwa sababu utando huo hudhoofika pasipo maumivu, na mtu huweza kujihisi mzima kabisa wakati mishipa yake inarudi ilikokuwa.

Najua ndugu zako wanakuhimiza upumzike, nao wanafanya hivyo kwa mapenzi. Hata madaktari wa zamani waliwalaza wagonjwa wa moyo kitandani kwa wiki nyingi, desturi ambayo imekwisha kuachwa. Sikuambii basi uanze kukimbia. Daktari akupime kwanza moyo ukiwa katika mazoezi, kisha uongeze muda kidogo kidogo, ukielekea dakika 150 kwa wiki iwapo ataridhia. Kwa kuwa unatumia dawa za beta bloka, ambazo hupunguza mapigo ya moyo, usitegemee kuhesabu mapigo pekee: mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza, ila si kuimba. Kifua kikibana, au ukipata kizunguzungu, acha mazoezi papo hapo; kama ni kifua kinachobana, utumie dawa ya nitrogliserini kama ulivyoelekezwa, na maumivu yasipotulia ndani ya dakika 5, ita msaada wa dharura bila kungoja.

Tafadhali usiache mazoezi kabla ya kuonana na daktari wako, na uniandikie atakachokuambia baada ya kipimo hicho.

Rafiki yako akupendaye daima.