Nyumba ya Tambo London haikujiendesha yenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu simulizi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ambazo sisi wa Morogoro hatuzichoki. Tunapomzungumzia Oliver Tambo, aliyekiongoza akiwa uhamishoni chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ANC, tunataja kambi, mikutano na safari za kutafuta misaada, lakini nyumba yake ya London, namba 51 Alexandra Park Road huko Muswell Hill, ambako familia yake iliishi kwa miaka mingi, hupitiwa juu juu kana kwamba ilikuwa mahali pa kupumzikia.

Miaka ile ilikuwa migumu. ANC ilipigwa marufuku tarehe 8 Aprili 1960, viongozi wake wakakamatwa Rivonia, karibu na Johannesburg, mwaka 1963 na mwaka uliofuata wakahukumiwa kifungo cha maisha, kisha wapiganaji waliovuka mto Zambezi mwaka 1967 kuingia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) wakashindwa kufika kwao Afrika Kusini. Manung'uniko yalizidi hata Tambo akajiuzulu katika mkutano wa hapa Morogoro mwaka 1969, ingawa wajumbe walimrudisha palepale. Kiongozi wa chama kilichofikia hali hiyo, ambaye maisha yake yalikuwa Tanzania, Zambia na safarini, angewatunzaje watoto watatu mjini London?

Aliyewatunza ni mkewe, Adelaide, muuguzi aliyeunganisha zamu mbili hospitalini ili nyumba isimame. Wala hakulisha watoto wake peke yao, kwa kuwa Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni walipafanya pale kwao, na yeyote aliyewahi kupokea wageni wa ghafla kwa mshahara mmoja anajua unga hupimwaje siku hiyo. Mumewe alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Alipopatwa na kiharusi akiwa Lusaka mwaka 1989, London ndiko alikopelekwa kutibiwa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nyumbani, si ya siasa. Sikubaliani nao hata kidogo, maana gharama ambayo chama hakikuilipa ililipwa na mtu, na mtu huyo ana jina. Naomba basi waandishi wako, watakapoandika tena habari za Mazimbu na Dakawa, makazi ya ANC ya hapa Morogoro, wamweke Adelaide Tambo katikati ya habari yenyewe, si katika ile aya ya mwisho ya "ameacha mjane na watoto".

Msomaji wako,
Morogoro