Nikimeza manjano, dawa ya wadudu haitanidhuru?

Msimu wa kupiga dawa ukianza, wateja hutuuliza swali hilohilo: nikimeza vidonge vyenu vya manjano kabla ya kubeba bomba, niko salama? Vidonge hivyo ndivyo vinavyotuingizia riziki, na bado jibu letu ni hapana. Ila wazo lenyewe halikuzuka tu.

Viuadudu vingi, vikiwemo vya jamii ya oganofosfeti, vikiingia mwilini huongeza radikali huru, molekuli zinazopora elektroni popote zinapopita. Zikiifikia DNA, uzi wake hukatika. Seli hujirekebisha, lakini mzigo ukizidi kosa hubaki na kurithiwa na seli zinazofuata. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani, IARC, liliweka malathioni na diazinoni, viuadudu viwili vya jamii hiyo, katika kundi 2A, yaani yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Madhara kwa DNA yalikuwa sehemu ya ushahidi.

Maabara huyaona hivi: seli huwekwa kwenye jeli, utando wake ukayeyushwa, kisha umeme ukapitishwa. DNA nzima hutulia mahali pake. Vipande vilivyokatika huvutwa mbele na kuchora mkia. Panya waliopewa kiuadudu pamoja na kurkumini, kiini cha manjano, mara nyingi mkia huo wa DNA kwenye seli zao huwa mfupi kuliko wa waliopewa sumu tupu. Hapo ndipo matangazo mengi huishia.

Sasa, panya wale hupewa dozi iliyopimwa kwa uzito wao, tena kubwa. Kwa binadamu kurkumini hufyonzwa kidogo mno, na ikizidi inaweza yenyewe kuchochea radikali. Vidonge vikali vya chai ya kijani vimewahi kuumiza ini, kiungo kilekile kinachovunja sumu. Na mwaka 1994 utafiti wa Ufini kwa wavutaji sigara wanaume zaidi ya 29,000 ulionyesha kwamba waliopewa beta-karotini, kirutubisho kilichomo kwenye karoti kilichotarajiwa kuwakinga, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Mlango mkuu wa dawa kwa mpigaji ni ngozi. Hatari kubwa iko wakati wa kupima dawa kabla haijachanganywa na maji, na glavu za kitambaa hapo ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana hunyonya dawa na kuigandisha mkononi. Tumia za nitrili, aina ya mpira. Ukipuliza chini, mkono wa shati ufunike glavu. Ukipuliza juu ya kichwa, glavu ifunike shati, dawa isitiririke ndani. Kagua mfuniko wa bomba pia: likivuja, mgongo huloa bila wewe kujua.

Ukitaka manjano yetu kwa sababu nyingine, karibu. Ila kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una tatizo la ini, muulize daktari wako kwanza, kisha tuandikie jibu lake unapoagiza. Vile vyenye pilipili manga huwa hatumpi mtu aliye kwenye matibabu bila jibu hilo, kwa sababu piperini, kiini cha pilipili hiyo, hupunguza kasi ya ini kuvunja dawa kadhaa.