YAH: Toroli lililogonga ndege yenu hapa Kigoma na mimi kuambiwa "mbona mlifika salama"

Kwa ofisi ya huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni abiria wenu wa Kigoma kwenda Dar, nimeshawapigia mara tatu na sasa nimeamua kuandika, maana kwenye simu nikianza tu kueleza naambiwa nisubiri, muziki unalia mpaka salio linakata.

Ishu yenyewe ni hii. Ijumaa wiki mbili zilizopita nilikuwa chumba cha kusubiria pale eapoti, nimekaa dirishani, mvua ndo imekatika. Ndege yenu ya pangaboi imeshashusha watu, vijana wanapakia mizigo, na mizigo ya Kigoma mnaijua wenyewe, maboksi ya dagaa na migebuka mpaka toroli linalia. Likarudi nyuma likaenda kuigonga ndege ubavuni karibu na mlango wa mizigo. Sio kugusa jamani, kugonga, boksi la juu likadondoka. Kijana akapapasa pale kwa kiganja, akacheki kushoto, akacheki kulia, akaokota boksi lake kazi ikaendelea.

Nikamfuata dada wa kaunta nikamweleza. Akanijibu kwa heshima tu, "Baba usiwe na wasiwasi, rubani lazima aikague kabla hajaruka." Na kweli rubani alitoka, akaizunguka, akaangalia matairi, injini, akanyanyua shingo kidogo, akapanda. Soda ndogo usingeimaliza. Simlaumu hata kidogo. Yeye anatafuta vitu kama tairi lililoisha, oili inayovuja, kifuniko kilichosahaulika, tena yuko chini anaangalia juu, ubavu umelowa mvua, na hakuna mtu aliyemwambia mkuu hebu angalia hapa.

Mimi natengeneza boti za faiba Kibirizi, kwa hiyo hii ya kugongwa naijua. Boti ikipiga jiwe nje unaweza ukaona mchubuko kama wa ukucha, kumbe ndani matabaka yameshaachana, sisi tunagongagonga na sarafu kusikiliza, pazima panalia kavu na pabovu sauti inazama. Sasa ndege kama Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya jamii hiyo hiyo ya faiba, ila vya nyuzi za kaboni, na ikigongwa na kitu chenye mpira mbele unaweza usione kitu kabisa. Hilo pangaboi lenu najua kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, mtaniambia bati likibonyea linaonekana. Sawa. Lakini kule juu ndani mnajaza hewa, bodi inatanuka, mkishuka inasinyaa, kila safari hivyo hivyo, kwa hiyo palipochubuka leo panaweza kuchanika siku ambayo hakuna anayekumbuka toroli.

Wala sitishi watu. Desemba 26, 2005 pale Seattle ndege ya Alaska Airlines, MD-83, iligongwa na gari la mizigo, aliyegonga akakausha, ikaruka, ilipofika kama futi 26,000 ubavu ukafunguka tundu la sentimita 30 kwa 15 hivi. Wakashuka haraka wakarudi wote wazima, na kijana akaja kusema baadaye. Aeroperú, shirika la ndege la Peru, hawakuwa na bahati hiyo. Oktoba 2, 1996 Boeing 757 yao ilisafishwa, vile vitundu vya kupimia hewa vikazibwa kwa tepu na tepu ikasahaulika. Rubani aliikagua, lakini ilikuwa usiku na tepu ya rangi ya fedha iko juu ya bati la rangi ya fedha, utaionaje? Vipimo vya kimo na spidi vikawadanganya, wakaingia baharini, watu 70, hakupona mtu.

Ndo maana jibu la kijana wenu wa simu limeniuma. Kaniambia "mzee si mlifika salama, sasa malalamiko ni yapi?" Malalamiko ni kwamba kufika Dar salama hakunijibu swali langu, ile ndege kesho yake imebeba watu wengine na mimi sijui kama kuna fundi aliyepaangalia pale.

Naomba mnijibu kwa maandishi kama siku ile kuna mtu aliandika kwamba ndege imegongwa, na kama hakuna, basi aitwe fundi apakague. Yule kijana msimfukuze wala msimkate mshahara, nawaomba sana, nilivyomuona anageuza shingo kushoto na kulia nilijua kabisa alichokuwa anaogopa sio ndege kuharibika, ni kukatwa hela, na mkimkata huyu basi wenzake wote wataelewa kwamba dawa ni kukaa kimya. Na yule dada wa kaunta mpeni redio au hata namba ya kumpigia injinia, maana abiria akiona kitu dirishani sa hizi hana pa kukipeleka.

Nina tiketi yenu nyingine ya tarehe 20 mwezi ujao, nampeleka mama watoto hospitali Dar, na safari hii treni hataiweza. Jibu lije kabla ya hapo.

Wenu abiria,
Fundi boti, Kibirizi, Kigoma