Fizio wa bi mkubwa

Shosti wangu,

Pole sana na kuuguza. Voisi yako ya kuuliza wapi mama yako atapata fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa bima baada ya kile kiharusi nimeisikia, ila wiki hii tuko kwenye kusahihisha mitihani, nikishika simu usiku tayari macho hayaoni, ndo maana nimeona nikuandikie yote kwa mpigo. Bi mkubwa mpe shikamoo yangu, mwambie mkono utarudi tu.

Afadhali ulimjaza mapema kwenye wale wategemezi wanne wa bima yako ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), maana kuna watu wanajaza watoto tu, wazazi wanawakumbuka wakiwa wodini. Kila mwezi tunakatwa asilimia 3 kwenye mshahara na mwajiri anaongeza 3 yake, sasa isije ikafika siku ya kuitumia ukatoa tena hela mfukoni.

Sasa kuhusu fizio. Usidanganyike na bango la "tunapokea NHIF". Baba alivyovunjika paja na bodaboda nilimpeleka hospitali moja ya binafsi karibu na home, bango kubwa getini, dirishani wakachukua kadi, akaweka kidole, daktari akamwona vizuri akamwandikia mazoezi, tunafika chumba cha mazoezi dada anatuambia hii huduma ni keshi. Kumbe bima pale inalipia daktari na vipimo, fizio ni mtu wa nje anakuja siku zake na hela yake unampa mkononi! Nilichoka. Kwa hiyo ukipiga simu popote usiulize kama wanapokea bima, uliza hivi: fizio wenu analipwa kwa bima, na yupo kila siku au anakuja kwa zamu? Na ukiweza ongea na watu wa chumba cha mazoezi wenyewe, mapokezi watakujibu ndiyo ndiyo ilimradi uje.

Mimi kwa vile uko Mbagala ningeanza Temeke, ile hospitali ya rufaa ya mkoa. Najua utasema foleni, foleni ipo sikatai, ila wana mafizio wa kuajiriwa na wagonjwa wa kiharusi wanawaona kila siku, hawaanzi kujifunzia kwa mama yako. Wahi asubuhi, beba ile karatasi ya kuruhusiwa ya hospitali ya Morogoro alikolazwa na zile picha za CT za kichwa, maana lazima daktari aandike kwanza ndo fizio ampokee. Muhimbili usiende moja kwa moja bila barua ya rufaa, utarudishwa na nauli ya bajaji imeenda. CCBRT, ile hospitali ya Msasani, nao mambo ya viungo ndo kazi yao, ila kutoka Mbagala na mgonjwa wa kubeba mara mbili kwa wiki mmh, labda kama shemeji ana gari.

Hizo za binafsi sizikatai, kuna nzuri, ila zina mambo yake. Unakumbuka Machi 2024 zile hospitali zilivyogoma kupokea kadi sababu ya kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei ambazo NHIF inalipia? Mgonjwa wa kulazwa siku mbili anaweza kuhamishwa, wa mazoezi ya miezi ndo anaumia, anakatishwa katikati.

Halafu shosti usikae unasubiri tarehe ya kliniki, ile miezi ya mwanzo ndo mwili unarudisha vitu vingi. Mwambie fizio akuonyeshe ya kufanya nyumbani na umrekodi kwenye simu, muombe ruhusa tu hawakatai, ili na dada wa kazi aone. Na jamani msimnyanyue bi mkubwa kwa kumvuta ule mkono uliolegea! Bega linachomoka kirahisi sana kwa mtu wa kiharusi, alafu maumivu yake yanamfanya akatae mazoezi kabisa. Mshike kiunoni, na akilala mkono uwekee mto.

Wakikuambia kuna kitu bima hailipii, usilipe hapo hapo, ulizia dawati la NHIF, hospitali kubwa nyingi huwa wana mtu wao, akuangalizie kwenye sistimu. Mara nyingine ni uvivu wa mtu kujaza tu.

Jumamosi sina vipindi. Kama utapata tarehe ya wiki ijayo niambie mapema niombe ruhusa kwa mkuu, nije tumbebe wote, mimi nakaa foleni ya dirishani wewe unabaki naye. Na usininunulie soda.

Wako wa siku zote