Mpwa wako anakimbia na York

Elmhurst, Illinois
Oktoba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutuuma. Natumaini wifi na watoto hawajambo.

Uliniuliza mpwa wako anafanya nini shuleni mpaka jioni. Anakimbia, kaka! Yuko kwenye timu ya mbio za nyika ya York, sekondari ya serikali ya hapa mjini kwetu, pembeni mwa Chicago. Ada ya masomo hakuna; sehemu kubwa ya fedha za shule inatokana na kodi za nyumba za wakazi.

Wewe mwalimu wa michezo ungempenda kocha Joe Newton. Alifundisha hapa zaidi ya miaka 50, akastaafu 2016, akafariki mwaka uliofuata. Timu yake ya wavulana ilichukua ubingwa wa jimbo mara 28, wa kwanza mwaka 1962. Na 1988 alikwenda Olimpiki ya Seoul akiwa miongoni mwa makocha wa Marekani, upande wa marathoni. Kocha wa sekondari!

Ila kilichonigusa mimi si vikombe. Huku kwenye nyika hachujwi mtu: ukija mazoezini, wewe ni wa timu. Newton alikuwa na vijana zaidi ya mia, na kila siku alimpa mkono kila mmoja wao na kumtaja jina. Rangi yao ni kijani, na wakitoka kukimbia pamoja msafara unakuwa mrefu hasa.

Halafu angalia hesabu ya mbio hizi. Fainali za jimbo hukimbiwa Peoria, mji mwingine wa Illinois, maili 3. Kila shule inaingiza wakimbiaji 7, zinajumlishwa nafasi za 5 wa mwanzo, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo hata ukiwa na bingwa, wa tano wako akiburuza mkia mmekwisha. Huyo wa tano utampata wapi kama uliwafukuza wasio na kasi tangu mwanzo?

Mpwa wako hana kasi, nakwambia kweli. Jumamosi iliyopita alikimbia na wale wasio kwenye kikosi cha kwanza, akaingia karibu na mwisho, matope mpaka magotini. Wenzake waliokuwa wamemaliza zamani walijipanga kwenye kamba wanamwita jina mpaka sauti zikawakauka. Nililia, kaka.

Nakuomba ujaribu hapo shuleni kwako. Mkishachagua timu ya UMISETA, ile michezo ya sekondari, wale walioachwa wasirudi kukaa chini ya mwembe. Wakimbie nao kila jioni, na uwapangie mashindano yao. Saa ya kupimia muda nitakutumia pamoja na mzigo wa Desemba. Jezi pia nitatafuta; niandikie idadi na saizi, hata kama ni nyingi.

Wasalimie wote.

Mdogo wako