Sabuni ya uso si kipodozi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze na wakuu wa shule za bweni, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Mimi ni matroni wa shule ya wasichana mkoani Njombe, huu ni mwaka wangu wa 11. Shule zikifunguliwa tunakagua masanduku. Fomu ya kujiunga imeandika "vipodozi haviruhusiwi", basi tunatoa wanja, rangi ya mdomo na kila chupa inayong'aa. Januari mwaka jana nilimnyang'anya binti wa kidato cha kwanza, mtoto wa Dar es Salaam, sabuni yake ya maji ya kunawia uso. Akaniambia, "Matroni, hiyo ni ya chunusi, mama kaninunulia." Nikamjibu kwamba wenzake wananawa kwa mche na hawajafa.

Akanawa kwa mche, ule ule wa kufulia sare. Wenzake wakamwambia chunusi ni uchafu, akawa ananawa mara nne, mara tano kwa siku, akisugua kwa dodoki. Usiku anapaka dawa ya meno juu ya kila kipele. Mei, baridi ilipoanza kung'ata, aliletwa kwangu: paji na pua vinang'aa mafuta, vipele vimeiva, mashavu yamepauka na kupasuka kama tope lililokaukia juani. Alipofungua kinywa kuniamkia, shavu likachanika.

Nesi wa zahanati ndiye aliyenifumbua macho. Ngozi ya uso ina tindikali kidogo: pH yake, yaani kipimo ambacho namba ikipanda tindikali inapungua, iko karibu na 5. Sabuni ya mche iko kwenye 9 hadi 10. Ikiondoa vumbi, inaondoka pia na mafuta yanayoilinda ngozi. Na chunusi hazitokani na uchafu. Ni vitundu vya ngozi vilivyoziba kwa mafuta na seli zilizokufa. Ukivisugua unavitonesha, na kwa sisi weusi kila kipele kilichotoneshwa huacha doa la miezi.

Tangu hapo nawafundisha pale pale bombani. Mwenye ngozi ya mafuta anawe asubuhi na jioni, na akitoka michezoni akiwa na jasho, basi. Sabuni iwe laini, si kali kama ya kufulia, atumie vidole, dodoki alipeleke mgongoni, na asipake mafuta ya nazi usoni hata kama bibi yake alipaka. Mwenye ngozi kavu, na hao ninao wengi, sabuni ni jioni tu. Asubuhi maji yanamtosha. Yawe ya uvuguvugu, ingawa najua ndoo ya maji ya moto bwenini inavyogombaniwa. Ajikaushe kwa kugandamiza taulo, kisha apake mafuta ya mgando uso ungali na unyevunyevu. Yule binti alikuwa na ngozi mchanganyiko: anawe kama wa mafuta, ila mafuta ayapake mashavuni tu, paji aliache. Anayewashwa na kila kitu atafute sabuni isiyo na manukato.

Sasa wakuu wangu, mtoto atafuataje haya wakati sabuni laini tunaifungia kabatini pamoja na wanja? Andikeni kwenye fomu: sabuni moja laini ya uso na mafuta ya kupaka vinaruhusiwa. Mzazi asiye na uwezo, kipande cha sabuni ya glisirini kinatosha, na kikikatwa mara mbili kinakwenda mbali. Mkorogo niachieni mimi. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na pua yangu inaujua mkorogo hata ukimiminwa kwenye kopo la losheni ya mtoto.

Chupa ya yule binti niliirudisha siku ile ile nesi aliponifumbua macho, na nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Mashavu yalipona kabla ya likizo ya Juni. Madoa ya pajini alikuwa nayo hadi Desemba.

Matroni,
Njombe