Faida ya biodizeli inamwagwa pamoja na gliserini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza biodizeli, yaani mafuta ya injini za dizeli, kwa mafuta ya chipsi na ya sangara hapa Mwanza. Wengi hulalamikia bei ya methanoli, alkoholi inayogeuza mafuta hayo kuwa biodizeli, kisha huimwaga wenyewe.

Lita 100 za mafuta huwekewa methanoli lita 22 hivi, lakini inayogeuka kuwa biodizeli ni kama lita 12 na nusu tu. Ya ziada husukuma mmenyuko ufike mwisho, na sehemu kubwa yake hushuka chini pamoja na gliserini, kile kimiminika kizito kinachojitenga na biodizeli. Kwa hiyo gliserini isitupwe (mitaro yetu, mnajua, inaishia ziwani). Itenge, uichemshe kwenye pipa lililofunikwa kabisa, mvuke upite kwenye bomba la shaba lililozamishwa katika maji baridi. Methanoli huchemka kwenye nyuzi 65. Ila usiivukize kabla ya kutenga gliserini, maana kostiki (soda kali, sodiamu haidroksaidi, inayochanganywa na methanoli kuchochea mmenyuko) ingali ndani na biodizeli itaanza kurudi kuwa mafuta. Jiko la mkaa likae mbali: methanoli ikiwaka mchana, mwali wake ni vigumu kuuona.

Uliyoikinga ipime. Mililita 100 za methanoli safi zina gramu 79 hivi. Mizani ikisoma 82, humo mna maji kama asilimia 10, na maji huzaa sabuni.

Sabuni ndiyo hasara ya pili: mafuta yakiwa na maji au asidi nyingi, kostiki huyageuza sabuni badala ya biodizeli. Pasha kijiko cha mafuta kikaangoni. Yakilia na kurukaruka, yana maji. Kisha pima asidi: mililita 1 ya mafuta ndani ya 10 za isopropanoli (aina ya alkoholi), na matone mawili ya fenolfthalini (dawa inayobadili rangi). Tonesha kostiki, gramu 1 iliyoyeyushwa katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa, hadi rangi ya waridi idumu sekunde 30. Zikienda mililita 3, kila lita ya mafuta itataka kostiki gramu 3.5 za kawaida na 3 juu yake za kuua asidi, yaani 6.5. Wanaokadiria kwa kijiko ndio wanaoamka na pipa la uji.

Mchanganyiko wa methanoli na kostiki mimina mara mbili, kwenye nyuzi 55: sehemu nne kati ya tano, toa gliserini, ndipo iliyobaki. Mililita 3 za biodizeli ndani ya 27 za methanoli zikiacha tone la mafuta chini, bado haijaiva.

Na sufuria za alumini waachieni wapika wali. Kostiki huzila na kutoa haidrojeni, ambayo hulipuka.

Msomaji,
Ilemela, Mwanza